Kwa mnaoanza kemia: chumvi kimiminika nayo hutoa methili

Wadogo zangu mnaotoka Kigoma kwenda maabara za chuo, chumvi mnayoijua ni ya Uvinza: maji ya chumvi yanachemshwa, yanakauka, kinabaki cheupe. Chumvi ya mezani haiyeyuki mpaka nyuzi joto 801. Kwa hiyo siku mtakapopewa chupa ya chumvi inayomiminika kama asali, msidhani mnataniwa. Ioni yake chanya ni kubwa na umbo lake halilingani pande zote, mathalani imidazoliamu (pete ya kaboni na nitrojeni yenye chaji chanya) yenye methili, kundi la kaboni moja, upande huu na butili, la kaboni nne, upande ule. Haipangiki vizuri na ioni hasi, basi inayeyuka mapema. Mwaka 1914 mwanakemia Paul Walden alieleza nitrati ya ethilamonia, inayoyeyuka kwenye nyuzi 12 tu.

Mtaambiwa kwamba chumvi hizi kimiminika ni viyeyusho vizuri kwa sababu karibu havivukizi. Ni kweli. Mimi nikaongeza la kwangu: kwamba kiyeyusho hakishiriki kwenye mmenyuko.

Nilitengeneza esta iitwayo heksili benzoeti kutoka heksili bromidi na sodiamu benzoeti, ndani ya kloridi ya imidazoliamu hiyo; sodiamu benzoeti nikaizidisha. Mmenyuko ulikwenda salama. Uvivu ukanijia kwenye kutenganisha: badala ya kuivuta esta kwa etha, nikaamua kuikeneka moja kwa moja, joto likapita 200. Tone la kwanza likatoka mapema mno. Nikalaumu heksili bromidi kuwa chafu, na wiki nzima ikapotea nikiisafisha. Ndipo NMR, kipimo cha sumaku kinachoonyesha hidrojeni zilipo kwenye molekuli, ikaonyesha mstari mmoja mkali karibu na ppm 3.9. Methili benzoeti! Na mle chupani hakuna aliyeleta methili ila kiyeyusho chenyewe.

Ukichora inaeleweka. Imidazoliamu hutengenezwa kwa kuipa methilimidazoli butili kutoka butili kloridi. Kwenye joto kali njia hiyo inarudi nyuma: ioni hasi yenye njaa ya kaboni, kama benzoeti, inalivamia kundi la alkili (methili au butili) kwa mgongoni, na imidazoli inajiondokea bila chaji. Methili hutangulia kuchukuliwa kuliko butili kwa sababu haina msongamano. Kloridi nayo huweza, ikazaa methili kloridi, gesi ya sumu inayochemka kwenye nyuzi 24 chini ya sifuri. Kwa hiyo msizibe chupa mkaichemsha. Fanyieni ndani ya kabati la kuvuta hewa.

Wapo wanaoitumia chumvi hii kutoa methili kwa makusudi, wakiikwepa methili iodidi, kitoa methili kingine, inayochemka kwenye nyuzi 42 na kuingia mapafuni. Hoja yao naielewa. Ila kwa esta ya kawaida, methanoli na asidi kidogo vinatosha, na bei haifanani.

Basi kabla ya joto, tazameni ioni hasi. Kloridi, bromidi na asetati hushambulia. Triflimidi, ioni hasi nyingine, ni mvivu, huvumilia zaidi. Kausheni pia, maana kloridi hunyonya maji kama chumvi iliyoachwa wazi wakati wa masika.

Mimi siku hizi hutenga chupa moja ndogo: kiyeyusho na benzoeti tu, joto lile lile, muda ule ule. Ikitoa butilimidazoli, yaani mabaki ya kiyeyusho kilichopoteza methili, nashusha joto na kwenda kutafuta etha.