Maswali Yenu: Mwalimu wa Piano Katokea Njia Gani?

Barua za safari hii zimetoka Mtwara na Lindi, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mwalimu wa piano au kinanda tuliyempata, alichokisomea kinatutosha? Tumezijibu kwa urefu kadiri swali lilivyodai.

Binti yangu ana miaka 8 na anataka kujifunza piano. Nimeelekezwa kwa watu watatu: mpiga kinanda wa kwaya, kijana anayepiga kwenye bendi ya harusi, na mwalimu wa shule aliyesomea sanaa chuoni. Wote wanasema wanaweza. Nimpeleke kwa nani? – Mama wa Shangani, Mtwara

Mama, kabla ya kuuliza nani bora, muulize kila mmoja: nani alikufundisha, kwa ala gani, na ulianza kwa kusikia au kwa kusoma? Mkono wa mwalimu una alama za njia aliyopita, na mwanao atazirithi zote, nzuri na mbaya.

Mpiga kinanda wa kwaya mara nyingi alikaa pembeni ya mkubwa wake kanisani mpaka siku alipoachiwa kiti. Sikio lake ni kali. Anazisikia sauti nne kwa pamoja na anajua kuwashikilia waimbaji wasikimbie. Upungufu wake huwa kwenye vidole: wengi wamezoea kukamata kordi (sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) kwa mikono miwili na kuruka nayo kwa mkupuo, kwa hiyo gumba halijazoea kupita chini ya vidole vingine. Waliofundishwa seminarini au na watawa kwa kawaida husoma nota vizuri zaidi, ila wengine walijifunzia kwenye ogani. Ogani haijali umebonyeza kwa nguvu au taratibu, sauti ni ileile. Piano ina nyundo inayogonga nyaya, na kasi ya kibonyezo kushuka ndiyo inayoamua sauti iwe kubwa au ndogo. Mwalimu wa ogani asiyejua tofauti hiyo atamlea mtoto mwenye vidole sahihi na sauti isiyopanda wala kushuka.

Kijana wa bendi ana mdundo na anajua kufuata wimbo asioujua. Mtazame mkono wa kushoto. Kwenye bendi besi ni kazi ya mwingine, au kinanda chenyewe kinajipigia midundo, hivyo mkono huo unaweza kukaa miaka kumi bila kazi ya maana. Kwa kijana wa miaka 15 aliyekwisha pata msingi, huyu ni mwalimu wa thamani sana. Kwa mtoto anayeanza, tungesubiri kwanza.

Kuhusu aliyesoma chuoni, uliza ala yake kuu ilikuwa ipi. Tanzania inazo sehemu za kusomea muziki kwa utaratibu: TaSUBa ya Bagamoyo, iliyoanza 1981 kama Chuo cha Sanaa, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Makumira kule Usa River, na chuo cha muziki cha DCMA Zanzibar. Lakini cheti cha sanaa peke yake hakisemi kwamba mwenye cheti alikaa kwenye piano. Huenda ala yake ilikuwa ngoma, marimba au sauti. Nadharia ataifundisha vizuri, mkono je?

Omba somo la majaribio la nusu saa, ukae pembeni kimya. Tazama anaanzia wapi. Mwalimu anayeijua kazi huanza na kiti kabla ya kugusa nota: kiwiko kiwe sawa na usawa wa vibonyezo, si juu kama mtu anayekanda unga, si chini kama anayechungulia mezani. Miguu ya mtoto wa miaka 8 huning'inia, na mwili usio na pa kukanyaga hujishikilia kwa mabega. Mwalimu makini atatafuta kitu cha kuweka chini ya nyayo, hata kreti ya soda iliyogeuzwa. Kisha atashika mkono wa mtoto na kutazama gumba. Gumba linabonyeza kwa pembe yake, pale ubavuni mwa ukucha, si kwa kulala lote. Vifundo vya mwisho vya vidole visibonyee kwa ndani; vikibonyea, atarudia kidole kimoja kimoja, polepole, mpaka visimame.

Halafu angalia vibonyezo. Mwalimu akibandika herufi juu yake, macho ya mtoto yatazoea kutafuta herufi, na siku zikibanduka amepotea. Njia iliyo bora ni vibonyezo vyeusi: vimepangwa viwili viwili na vitatu vitatu. Cheupe kilicho kushoto mwa viwili ni C, kilicho kushoto mwa vitatu ni F. Mtoto atafute C zote; kwenye kinanda cha vibonyezo 61 zipo sita, kwenye piano ya 88 zipo nane. Zoezi hili humalizika kwa dakika tano na hudumu maisha.

La mwisho ni daftari. Somo likiisha bila kuandikwa kitu cha kufanyia mazoezi nyumbani, yaani bari zipi (vipande vifupi vinavyotengwa kwa mistari wima kwenye nota), mkono upi, mara ngapi, wiki nzima itapita mtoto akipiga kile anachokipenda tu.

Ukitaka hukumu yetu: tungemchukua mpiga kinanda wa kwaya anayesoma nota za mistari, hata bila cheti, kabla ya mwenye cheti ambaye piano haikuwa ala yake. Na ombeni dakika 30 mara mbili kwa wiki badala ya saa nzima mara moja. Mkono wa mtoto huchoka baada ya nusu saa, na siku saba ni nyingi kukaa na kosa.

Ninaongoza kwaya na nasoma sol-fa (do, re, mi) bila shida tangu ujana. Nimeanza piano, na mwalimu wangu mpya ameniambia nisahau sol-fa yote kwa sababu itanichanganya. Ni kweli? – Mwalimu wa kwaya, Masasi

Si kweli, Mwalimu, na tunasikitika kusikia umeambiwa hivyo. Sol-fa hiyo ilipangwa Uingereza na John Curwen katika karne ya 19, akijenga juu ya kazi ya mwalimu Sarah Glover, na wamisionari waliipenda kwa sababu inaandikika kwa herufi za kawaida, hata ubaoni. Uliyonayo kichwani ni ujuzi wa umbali kati ya sauti na sauti, kitu ambacho wanaoanza na mistari pekee huchukua miaka kukipata. Kinachokosekana ni daraja, na mwalimu wako labda hakupita njia hiyo, ndiyo maana halioni.

Daraja lenyewe ni hili. Do ya sol-fa huhama, mistari haihami. Chukua kipande hiki:

d : r | m : –

Kwenye kii ya G, yaani wimbo unapotulia kwenye sauti ya G, do ni G, iliyo kwenye mstari wa pili kutoka chini wa stafu (mistari mitano ya nota) ya mkono wa kulia. Re ni A, nafasi ya juu yake. Mi ni B, mstari wa katikati, nayo inashikwa mapigo mawili kwa sababu ya kile kistari. Ukiimba kipande hichohicho kwenye kii ya F, kinashuka ngazi moja: F kwenye nafasi ya kwanza, G mstari wa pili, A nafasi ya pili. Umbo halijabadilika, umekisogeza tu. Piga vipande vitano vya namna hii kila siku, kila kimoja kwa kii mbili, ukiimba sol-fa huku mkono ukipiga.

Kuna kanuni ya kuitafuta do ukikuta nota za mistari bila sol-fa. Kama mwanzoni kuna shapu (alama ♯ ya kupandisha sauti), ile ya mwisho kulia ndiyo ti. Panda ngazi moja, hapo ni do. Shapu mbili, F na C: C ndiyo ti, basi do ni D. Kama ni flati (alama ♭ ya kushusha sauti), ya mwisho ndiyo fa. Hesabu kushuka fa, mi, re, do. Flati tatu huishia A, kwa hiyo do ni E flati. Hii ni kwa nyimbo za meja, zile zinazotulia kwenye do.

Ukifika kwenye nyimbo za sauti nne, usianze na zote. Soprano mkono wa kulia, besi mkono wa kushoto, mpaka zitembee bila kusimama. Ongeza alto, na sauti ya tenor iwe ya mwisho, maana ndiyo inayohama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine na kuwavuruga wengi. Mwonyeshe mwalimu wako ukurasa huu. Akikubali kuimba sol-fa pamoja nawe, mmepatana.

Napiga kinanda kanisani miaka minne. Kila wimbo napiga kwa C, kisha nabonyeza transipozi kupata kii wanayotaka waimbaji. Mwalimu wa piano niliyempata amekizima kitufe hicho na kusema nianze upya. Nimevunjika moyo. – Kijana, Lindi mjini

Kijana wetu, mvumilie, anakutendea haki. Piano ya kweli haina kitufe hicho. Tatizo jingine ni kwamba jicho linaona C huku sikio linasikia E flati, na baada ya miaka minne viwili hivyo vimeachana kabisa. Unajua pia yanayotokea mtu akiacha transipozi kwenye +3 na wewe ukaanza ibada bila kutazama: sauti ya kwanza inapanda mpaka inakatika.

Huanzi upya, kwa kuwa kordi unazijua. Anza na wimbo mmoja unaotumia kordi tatu tu. Kwa C ni C, F na G. Upige huohuo kwa G: kordi ni G, C na D. Kisha kwa F: F, B flati na C. Wiki mbili kila kii, bila kitufe. Sambamba na hapo piga skeli (sauti za kii zikipanda ngazi kwa ngazi), na hapa ndipo vidole vya waliojifunza kwa kusikia hukwama. Gumba ni namba 1, kidole kidogo ni 5. Skeli ya C na ya G, mkono wa kulia: 1-2-3-1-2-3-4-5. Ukija kwenye F, ukitumia mpango uleule gumba litaangukia B flati, kibonyezo cheusi, na mkono wote utaruka. Kwa hiyo F hupigwa 1-2-3-4-1-2-3-4: kidole cha nne kinachukua cheusi, gumba linapita chini yake kwenda C. Mkono wa kushoto hauna tatizo hilo. F yake ni 5-4-3-2-1-3-2-1, sawa na C.

Jumapili endelea kutumia kitufe kwa nyimbo ambazo hujazifikia. Waimbaji wasiteseke kwa sababu wewe uko darasani.

Mwanangu amesoma mwaka mmoja, na mwalimu anasema yuko gredi ya 3. Nitajuaje? – Baba, Nachingwea

Baba, gredi ni mtihani, si kitabu alichofikia. Unaojulikana zaidi ni wa ABRSM ya Uingereza, bodi iliyoanza 1889, wenye gredi 1 mpaka 8. Katika mtihani wa vitendo alama ni 150: nyimbo tatu zina 30 kila moja, skeli 21, kusoma nota kwa mara ya kwanza 21, na majaribio ya sikio 18. Kufaulu ni 100, daraja la juu yake 120, la juu kabisa 130. Tangu 2020 upo pia mtihani wa kurekodi video, nyimbo nne mfululizo bila kukata, na huo unamfaa mtu aliye mbali na vituo.

Mtoto anaweza kukariri nyimbo tatu ngumu kwa mwaka na bado asijue kusoma. Kipimo ni rahisi: mpe bari nane za gredi ya 1 ambazo hajawahi kuziona, atazame kwa nusu dakika, apige. Akienda polepole bila kusimama, msingi upo. Akiganda, mwombe mwalimu arudi nyuma.

Kaka yangu alifundishwa kinanda cha taarab na mjomba wetu. Mwalimu wa piano anamwambia baadhi ya sauti alizozoea ni makosa. – Msomaji, Mikindani

Si makosa. Piano imegawa oktava, yaani kutoka C moja hadi C inayofuata, katika nusu toni 12 zilizo sawa. Maqam za taarab, yaani mipangilio ya sauti ya Kiarabu, zina sauti zinazokaa katikati ya hizo. Kwenye maqam ya Rast inayoanzia C, sauti ya tatu iko kati ya E flati na E. Udi na fidla zinaipata kwa kidole, ganuni kwa vishikio vyake, na baadhi ya vinanda vina vitufe vya kushusha robo toni. Piano haiwezi kuipata, basi. Kaka yako asome piano kwa utaratibu wa piano na taarab kwa mjomba, siku tofauti, na sikio la mjomba lisidharauliwe na yeyote.

Mwalimu tuliyempata yuko Dar es Salaam, atafundisha kwa simu ya video. Kinanda chetu kina vibonyezo 61. Inawezekana? – Familia, Newala

Inawezekana kwa mwaka wa kwanza, mradi kinanda kiwe kile ambacho ukibonyeza kwa nguvu sauti inaongezeka, na kiwe na tundu la pedali. Kama sauti ni moja tu, azimeni kingine kwa jirani au kanisani kabla ya kumlipa mwalimu.

Simu iwekwe upande wa kulia wa mpigaji, imesimama imara, ionyeshe mkono mpaka kiwiko na vibonyezo vyote. Dirisha lisiwe nyuma yake. Msijaribu kupiga pamoja na mwalimu, kwani sauti huchelewa njiani. Tena programu za simu huidhania sauti ndefu ya piano ni kelele na kuikata, mwalimu akasikia vipande vipande. Kwa hiyo rekodini mazoezi siku moja kabla, mtume video, na muda wa somo utumike kurekebisha alichokwisha kukiona.

Jambo ambalo video hailionyeshi ni kifundo cha mkono kilichokaza. Pangeni mapema, likizo ya shule ikifika mtoto akae mbele ya mwalimu huyo, au mwingine wa Masasi au Ndanda anayesoma nota, ambaye ataushika mkono na kuuhisi.