Gari dogo la kilomita nyingi: nunua gia kwanza

Watu hunitumia picha ya spidomita wakiuliza, "Limetembea 180,000, nilichukue?" Picha hiyo hainiambii kitu. Nataka kujua gia yake ni ya aina gani, mafuta ya gia yalibadilishwa lini, na gari lilikuwa likiishi wapi. Hapa Malindi injini ya Toyota Vitz au Passo ikikusumbua, hukosi fundi wa kuifungua wala spea za kuirudisha. Gia ya otomatiki ina habari nyingine. Ikifa, mara nyingi utaagiziwa ya mkono wa pili kutoka Mombasa, nayo pia hujui ilikotoka. Ndiyo maana gari lililochoka mimi huanza kulikagua kwenye gia.

Na kilomita nyingi si lazima ziwe mbaya. Kutoka hapa hadi Mombasa ni kama kilomita 120. Gari linalokwenda na kurudi siku tano za wiki hupita kilomita 60,000 kwa mwaka, lakini ni kilomita za barabara kuu: gia imetulia, upepo unapoza rejeta, breki haziguswi sana. Gari la namna hiyo lenye mita ya 230,000 na risiti za sevisi nalipenda kuliko la 90,000 lililoshinda mjini likisimama na kuondoka nyuma ya tuktuk, jua la saa nane likilipiga.

Hiyo 90,000 yenyewe, nani kaithibitisha? Mita hurudishwa nyuma. Gari lililotoka Japani lina cheti cha kusafirishia nje, na juu yake huandikwa kilomita. Omba nakala ulinganishe. Kama haipo, tazama mpira wa pedali ya breki, usukani na kiti cha dereva. Pedali iliyolika hadi ikawa laini haiendani na mita ya 70,000.

Ukimsikiliza dalali, kila gari la Malindi lilikuwa la Mtaliano aliyekuwa akienda ufuo wa Casuarina na kurudi. Hata ikiwa kweli, uliza lilikuwa likikaa wapi miezi asiyokuwapo. Gari lililoegeshwa karibu na ufuo msimu mzima hunywa chumvi ya upepo. Lala chini utazame bomba za breki, kingo za matao ya magurudumu na pale suspensheni inaposhikana na bodi. Kutu ya juu juu haina neno. Ukibonyeza kwa bisibisi na chuma kikabomoka, nenda zako.

Sasa gia. Passo ya kwanza, ya 2004 hadi 2010, ina otomatiki ya kawaida ya hatua nne, na kwangu mimi hiyo ndiyo yenye uvumilivu. Passo iliyotoka 2010 inatumia CVT, ambayo haina hatua. Mkanda wa chuma hupanda na kushuka kati ya puli mbili. Mazda Demio iliyotoka 2014 ina otomatiki ya hatua sita. Honda Fit za kizazi cha kwanza nyingi ni CVT, na zikichoka hutetemeka zinapoanza kuondoka. Sisemi CVT ni mbaya. Nasema haisamehe mafuta yasiyo yake, na mwenye gari aliyemwaga ATF, yaani mafuta ya otomatiki ya kawaida, ndani ya CVT hatakuja kukutajia.

Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Gusa boneti; ikiwa ya moto, uliza kwa nini. Washa, kanyaga breki, kisha peleka gia R, rudi N, halafu D, ukitua kidogo kila mahali. Gia nzima hushika ndani ya sekunde moja hivi, bila kishindo. Ikikawia na kisha kugonga, huna haja ya kuendelea na maongezi ya bei.

Ikishika vizuri, endesheni hadi Gede mrudi kupitia katikati ya mji. Mzunguko wa mtaa mmoja hautoshi, kwa sababu gia nyingi hudanganya zikiwa baridi. Kwenye otomatiki ya hatua, sikiliza injini ikinguruma ghafla bila gari kuongeza mwendo: hapo inateleza. Kwenye CVT, sikiliza mlio mwembamba unaopanda na mwendo, na mtetemo unapoondoka polepole. Mkirudi, gari likiwa na joto, jaribu tena R na D, tena ukirudi kinyumenyume penye mwinuko. Mji wetu ni tambarare, kwa hiyo mwinuko itabidi uutafute.

Kisha mafuta. Baadhi ya magari hayana dipstiki ya gia, na hayo hukaguliwa na fundi kwa chini. Lenye dipstiki, Toyota nyingi hupimwa injini ikiwa imewashwa na ina joto. Honda nyingi hupimwa mara tu baada ya kuzima. ATF nzuri ni nyekundu na haina harufu ya kuungua. Ya CVT si lazima yawe mekundu, ila yakiwa meusi na yananuka, achana nalo.

Jambo ambalo watu wa pwani hulipuuza ni maji ya rejeta. Wengi hapa hujaza maji ya kisima badala ya kulanti, maji maalumu ya kupozea injini, na visima vyetu vingi vina chumvi. Katika magari mengi mafuta ya gia hupozwa ndani ya rejeta hiyo hiyo. Kutu ikitoboa ukuta mwembamba uliopo katikati, maji huingia kwenye gia, na mafuta hugeuka kama maziwa ya rozi. Fungua kifuniko cha rejeta ikiwa baridi. Ukiona rangi ya kutu au utando wa mafuta, ishia hapo.

Leta fundi mwenye mashine ya kusoma makosa. Namba P0700 inamaanisha kompyuta ya gia ina malalamiko. Mashine ikionyesha hakuna kosa lakini vipimo vingi ambavyo kompyuta ya gari hujifanyia havijakamilika, huenda makosa yalifutwa au betri ilichomolewa hivi karibuni. Na kabla ya kulipa, tafuta rekodi ya gari kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen, uhakikishe jina la mwenyewe na kama gari limewekwa rehani benki au kwenye sako.

Ukishalinunua, badilisha mafuta ya gia kwa aina iliyoandikwa na mtengenezaji. Gari ambalo halijabadilishiwa muda mrefu, mimi humwaga na kujaza, kisha narudia baada ya muda, kwani mafuta mengi hubaki ndani ya konvata, ile sehemu inayounganisha injini na gia. Kuyasukuma yote kwa mashine siku moja sishauri. Na likikufia huko njia ya Garsen, usikubali livutwe kwa kamba magurudumu ya mbele yakiwa chini. Hayo ndiyo yanayozungusha gia, na pampu yake haipeleki mafuta injini ikiwa imezimwa. Subiri gari la kubeba.