Barua kwa mwanangu: walikuwa wanarudi kufuata nini?

Mwanangu Rehema,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza jana baada ya isha, nikaurudia asubuhi huku nasubiri chai ichemke. Unasema mchezo mnaoutengeneza huko Nairobi umeanza kujaribiwa. Siku ya kwanza watu wanaingia kwa wingi, kila mmoja anaunda mhusika wake, anampa jina, anazungukazunguka, na kabla wiki ya pili haijaisha wengi hawaonekani tena. Wenzako wanataka kuongeza zawadi. Wewe ukaikumbuka kafe yangu, ukaniuliza: "Mama, wale kaka waliokuwa wanakuja kila jioni kucheza RuneScape, walikuwa wanarudi kufuata nini?"

Nimeona nikuandikie. Kwa sauti nitaruka mambo.

Ulikuwa mdogo, unalala kwenye mkeka nyuma ya kaunta. Kafe ilikuwa Ngamiani, Barabara ya Nane, kompyuta sita, shilingi 500 kwa saa. Intaneti ilikuja kwa dishi la setilaiti juu ya bati, maana mkongo wa baharini ulikuwa bado. Dar ulifika mwaka 2009. Kila ulichobofya kilipanda kilomita karibu 36,000 hadi kwenye setilaiti, kikashuka ng'ambo, na jibu likarudi kwa njia ile ile. Michezo ya kupigana kwa kasi haikuchezeka kabisa. RuneScape, dunia ya mtandaoni ambamo watu wengi hucheza pamoja, ilichezeka. Ilifunguka ndani ya kivinjari, hakuna cha kusakinisha, na sehemu yake kubwa ilikuwa ya bure. Zaidi ya hapo, mchezo wenyewe ulienda taratibu, ukipiga hesabu zake mara moja kila sekunde 0.6. Kwa hiyo kijana wa Cambridge, ulikotengenezwa, na kijana wa Tanga mwenye intaneti ya kusuasua waliweza kusimama gati moja wakavua pamoja.

Na kuvua ndiko walikokuwa wanakwenda. Nilikuwa nasimama nyuma ya kiti cha Salimu, yule wa kompyuta ya dirishani, nikitazama. Kuna kisiwa kinaitwa Karamja, na gati lake ni Musa Point. Unapanda jahazi bandari ya Port Sarim, nauli sarafu 30, unashuka na dema lako kuvua kambakoche. Mfuko wa mchezaji una nafasi 28, basi. Moja ya dema, moja ya sarafu za nauli, zinabaki 26 za kamba. Ukijaza unarudi bandarini, unatembea hadi benki ya Draynor, unaweka, unaanza upya. Kila kamba anakupa pointi 90 za uzoefu. Levo ya mwisho ni 99, nayo inataka pointi 13,034,431. Usiku mmoja nilichukua kalkuleta ya kaunta nikapiga hesabu: ukianzia levo ya 40, inayokuruhusu kuvua kamba, unahitaji kamba zaidi ya 144,000, yaani safari zaidi ya 5,500 za kwenda na kurudi. Na ukifika levo ya 92 ukadhani umekaribia, ndiyo kwanza uko nusu ya njia. Vijana walilijua hilo vizuri, na walilitaja kwa fahari, kama mtu anavyotaja urefu wa mlima wa kwao.

Wenzako wana hoja, siwakatalii. Babu yako alikuwa mvuvi wa mshipi pale Deep Sea. Aliwahi kuniambia kwamba siku akijua kwa hakika atapata samaki wangapi, siku hiyo ataacha bahari. Unatupa mshipi, hakuna kitu. Unatupa tena, hakuna. Wa tatu unapanda na changu wa kilo mbili, na hapo huwezi kuondoka. Mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, alilionyesha jambo hilo kwa njiwa: njiwa asiyejua ni donoo la ngapi litakalomletea punje anaendelea kudonoa muda mrefu hata punje zikikatika. Zawadi za kubahatisha ndani ya michezo zimejengwa juu ya hilo. Zinafanya kazi. Ila babu yako alikuwa na sababu nyingine za kwenda baharini, na nadhani ninyi mnaijengea nyumba yote juu ya mshipi peke yake.

Umesema mkuu wenu amebandika ukutani makundi manne ya wachezaji ya Richard Bartle, yule aliyetengeneza MUD, mchezo wa maandishi matupu wanaoucheza wengi pamoja, na Roy Trubshaw pale Chuo Kikuu cha Essex, kazi iliyoanza mwaka 1978. Makala yake ya 1996 niliisoma zamani, na niliipenda kwa sababu ameyapanga makundi yake kwa karata. Uru ni wanaotafuta mali na levo. Shupaza ni wachimbaji, wanataka kujua kila pembe ya dunia ile. Kopa wanafuata watu. Pau wanafuata watu vilevile, lakini kwa rungu. Mpango mzuri. Lakini mwambie mkuu wako asiwagawe wachezaji kana kwamba kila mmoja ameshika karata moja maisha yake yote. Salimu alianza na uru. Miezi miwili hivi akawa shupaza, akawa ananiita nije kuona njia aliyoigundua. Kisha uru ikamchosha, shupaza ikaisha kwa sababu sehemu ya bure ina mipaka yake, na nikamwona anaanza kupunguza siku. Mara tatu kwa wiki, mara mbili. Nilidhani nimempoteza mteja.

Halafu akaja mtoto wa kidato cha pili, akakaa kompyuta ya pembeni yake. Mhusika wake alikuwa anauawa na majini madogo pale Lumbridge, wanapoanzia wageni wote. Anakufa, anaanza, anakufa. Salimu alikuwa Karamja na dakika zake za kulipia zilikuwa zinahesabika. Akaacha kuvua, akapanda jahazi, akachukua kamba benki, akatembea hadi Lumbridge, akamfungulia yule mtoto dirisha la kubadilishana. Akaweka kamba 26 waliokwisha kupikwa. Kila mmoja anarudisha uhai pointi 12. Upande wa mtoto dirisha lilikuwa tupu. Salimu akabofya kukubali, bila kugeuza kichwa, macho yote kwenye skrini yake. Mtoto ndiye aliyegeuka kumtazama.

Kesho yake saa kumi na nusu mtoto yuko mlangoni: "Mama, kaka Salimu amekuja?" Nikamwambia bado. Salimu alipoingia nikamweleza kwamba kuna mtu anamuulizia. Tangu siku hiyo alikuja kila jioni, karibu mwaka mzima. Levo zake zilipanda polepole kuliko mwanzo, kwa sababu nusu ya muda alikuwa anahudumia wengine. Sikumwona akilalamika.

Ndilo jibu langu, Rehema. Zawadi iliwaingiza mlangoni, lakini waliorudi mwezi wa sita na wa saba ni wale waliokuwa na mtu anayewasubiri.

Tena mambo mawili ya mchezo ule yaliwasaidia kupata watu hao, na ningependa uyaweke mbele ya wenzako kabla hawajayafuta kwa kutaka wepesi. La kwanza ni ule uvivu wa kazi yenyewe. Umetega dema, unasubiri. Umewahi kuwaona bibi zako wakisuka ukili: vidole vinakwenda vyenyewe, midomo iko huru, na ndipo habari zote za mtaa zinapopita. Pale Musa Point ilikuwa hivyo hivyo. Kama kila sekunde ingewataka wakwepe panga, nani angemuuliza mwenzake mama yako amepona? La pili ni ule mfuko mdogo na ile safari ndefu. Unasema mmeweka kitufe cha kumfikisha mchezaji popote papo hapo. Sawa, lakini njiani ndiko wanakokutana.

Kuna kipindi niliona kinyume chake. Mwanzoni mwa 2008 RuneScape iliondoa uwezo wa kubadilishana vitu visivyolingana thamani. Sababu ilikuwa ya kweli: watu walikuwa wanauza sarafu za mchezo kwa pesa halisi, tena wengine kwa kadi za benki zilizoibwa, na huwezi kumlaumu mwenye mchezo kwa kutaka kuziba tundu hilo. Ila siku ile kwenye kafe yangu Salimu alifungua dirisha lile lile kumpa mgeni kamba 26, na dirisha likakataa, kwa kuwa anachotoa kimezidi mno anachopokea. Alijaribu mara tatu. Kisha akakaa tu, mkono juu ya kipanya. Hakuna aliyemnyang'anya kitu, levo zake zote zilikuwepo, kamba wake wote wako benki. Kwenye kafe yangu vijana hao walianza kupungua mwaka huo.

Wachezaji waliobaki kwingineko duniani walidai uwezo huo urudi, ikapigwa kura ya zaidi ya watu milioni 1, na Februari 2011 ukarudi. Miaka miwili baadaye, Februari 2013, baada ya mfumo wa mapigano kubadilishwa na wengi kuondoka, wachezaji waliulizwa kama wanataka mchezo wa zamani. Wakasema ndiyo, ukafufuliwa kutoka kwenye nakala ya Agosti 2007. Bado unachezwa, na kwa miaka mingi kitu kipya hakikuingizwa humo mpaka asilimia 75 ya waliopiga kura wakubali. Mtu mwenye kura anarudi kuangalia kura yake imefanya nini.

Unajua sisi wanawake wa hapa tukisema "nacheza mchezo" tuna maana ya upatu. Tulikuwa kumi na wawili, kila Jumamosi elfu kumi, daftari kwa mama Zawadi. Wiki moja nakwenda kupokea, wiki kumi na moja nakwenda kutoa, na hizo kumi na moja sikukosa hata moja. Niliposoma habari za World of Warcraft, mchezo mwingine wa mtandaoni, nililiona daftari lile lile. Siku za mwanzo kulikuwa na pango linaitwa Molten Core, linaloingiwa na watu 40 kwa pamoja. Mnapigana hadi mnamwangusha bosi mmoja, anadondosha vitu viwili vitatu. Watu 40! Achukue nani? Dawa yake ilikuwa imeshabuniwa na wachezaji wenyewe, si kampuni, tangu enzi za EverQuest, mchezo wa namna hiyo hiyo uliotoka 1999: kila anayehudhuria anaandikiwa pointi, na siku kitu anachokitaka kikidondoka anazitoa pointi zake kukichukua. Mtu anakaa wiki kadhaa akiwasaidia wenzake kupata, na hatoroki. Nyinyi chama cha wachezaji mmekiweka, umeniambia, lakini ndani yake kila mtu anapokea zawadi yake kivyake. Hicho ni foleni ya benki.

Sasa la uchungu. Yule mtoto wa kidato cha pili alifika mahali akawa analipia saa zangu kwa pesa ya ada. Sikujua mpaka mama yake alipokuja kusimama mbele ya kaunta na risiti ya shule mkononi. Nilimrudishia alichokuwa amelipa mwezi ule, na nikaweka sheria ya saa moja kwa aliyevaa sare, lakini nilitakiwa kuuliza mapema, kwa sababu nilikuwa naona. Kila nikikumbuka nasononeka. Shirika la Afya Duniani sasa limeuandika uraibu wa michezo kwenye orodha yake ya maradhi. Usingoje mama wa mtu aje na risiti.

Na kuaga mchezaji kwa heshima kunawezekana. World of Warcraft ilipokuwa kwenye majaribio kabla ya kutoka 2004, aliyecheza muda mrefu alikatwa nusu ya pointi za uzoefu ili apumzike. Watu walichukia. Waundaji wakabadili maneno, hesabu ikabaki ile ile: kiwango kilichokatwa kikaitwa cha kawaida, na kile kamili kikaitwa bonasi ya aliyepumzika. Wakaipenda. Mtu anafunga kompyuta akijua kesho atakuta kitu kwa sababu alilala. Nakuomba muwe na kitu cha namna hiyo tangu siku ya kwanza.

Salimu ana boti yake sasa, anavua kweli. Akipita hapa anakuulizia. Yule mtoto ndiye anayemtunzia hesabu za samaki.

Nitumie hilo toleo la majaribio. Nitaingia Ijumaa saa mbili usiku baada ya kufunga duka, kwa jina lile lile la zamani. Usiwaambie wenzako kuwa ni mama yako. Nataka kuona kama kuna mtu atakayenisalimu.

Mama yako,
Tanga