Draiva ya gofu inakata kulia: rekebisha mshiko kabla ya njia ya fimbo

Swali: Kocha, natumia mkono wa kulia. Nikipiga draiva (fimbo ndefu ya kuanzia shimo), mpira huanza kushoto kidogo kisha unapinda kulia hadi mitini. Nikilenga kushoto zaidi, ndiyo unazidi. Mbona ayani 8 (fimbo fupi ya chuma) inaenda karibu sawa? – Mchezaji, Nairobi

Jibu: Kwanza acha kulenga kushoto, maana ndiko unakojiumiza. Mabega yakielekea kushoto, fimbo inashuka ikitokea nje ya mpira (upande wa mbali nawe) na kukata kuja ndani. Mpira huanza safari karibu na upande ulikoelekea uso wa fimbo (sehemu inayogonga mpira), kisha hupinda kuikimbia njia ya fimbo. Uso wako unaelekea kushoto kidogo, lakini njia inaelekea kushoto zaidi. Slaisi, yaani huko kupinda kulia, inatokana na tofauti hiyo. Uso wa ayani 8 umelala zaidi, mpira unazunguka sana kurudi nyuma, kwa hiyo tofauti ile ile haiupindi sana. Kasoro ipo, imejificha tu.

Anza na mshiko. Geuza mkono wa kushoto hadi, ukitazama chini, uone vifundo viwili au vitatu vya vidole. Wengi wenye slaisi huona kimoja. V iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada ielekee bega la kulia, na mkono wa kulia ufuate vivyo hivyo. Usikaze: vigasha vikikakamaa, uso wa fimbo haufungi (haurudi kuelekea unakolenga) kwa wakati. Baada ya hapo huenda mpira ukaenda kushoto moja kwa moja bila kupinda. Tafadhali usirudie mshiko wa zamani! Uso umepona, imebaki njia.

Mpira wa draiva ukae usawa wa ndani ya kisigino cha kushoto. Mpira ukiwa mbele zaidi, mabega yanafunguka, yaani yanaelekea kushoto. Kisha weka kasha tupu la mipira sentimita 30 hivi nyuma ya mpira, nje kidogo ya mstari wake, ukiacha nafasi ya kichwa cha fimbo kupita. Piga nusu swingi (nusu ya mzunguko wa kawaida wa fimbo) kwa ayani 7, nyonga zikitangulia fimbo inapoanza kushuka, huku mgongo bado umeelekea unakolenga. Ukigonga kasha, mabega yametangulia. Ukipiga mipira 10 mfululizo bila kuligusa, rudi kwa draiva.

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa nyepesi hupunguza kupinda kwa mpira. Mombasa slaisi hiyo hiyo itapinda zaidi. Ukialikwa kucheza Nyali, huko Mombasa, kabla hujaimaliza kazi hii, anzia tii (mahali pa kupigia mpira wa kwanza wa shimo) kwa haibridi, fimbo iliyo kati ya ayani na fimbo ndefu.