Muulize Fundi: Kamera ya Ulaya haitaki picha ya deki

SWALI: Shikamoo Fundi. Nina kanda sita za VHS za harusi yangu ya 1993, na vikanda vitatu vidogo vya Video8 alivyopiga marehemu kaka yangu. Mdogo wangu aliyeko Uingereza kaniletea kamera ya Digital8 ya mtumba, akasema nichomeke deki kwenye kamera, kamera kwenye kompyuta, kazi imekwisha. Deki nimeazima kwa jirani, na kwenye TV inaonyesha vizuri. Lakini nikiiunganisha na kamera kwa waya wa njano, nyeupe na nyekundu, naona buluu tupu. Nikichomeka waya wa USB, kompyuta inaona picha za mnato tu. Halafu mkanda mmoja una unga mweupe pembeni. Nifanyeje?
Mama wa watatu, Tanga

JIBU: Marahaba, mama. Nianze na hilo ulilolitaja mwisho, maana ndilo lenye haraka. Mkanda wenye unga mweupe usiutie kwenye deki ya jirani. Hiyo ni kuvu. Tanga, kama pwani yote, unyevu hauna likizo, na mkanda uliokaa kabatini miaka thelathini ni chakula chake. Ukiucheza, unga unabaki kwenye hedi, yaani kichwa kinachosoma mkanda, na kwenye njia ya mkanda, halafu kila utakaoingia baadaye unaondoka na sehemu yake. Mimi nilifanya kosa hilo na mkanda wa mteja, nikajikuta nashinda siku mbili nikisafisha deki na kuomba radhi.

Huo uuweke ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya. Usitumie mchele, unatoa vumbi. Ukishakauka wiki kadhaa, mpelekee fundi mwenye deki ya kuchezea kanda mbovu. Atafungua skrubu tano za chini, kazi hiyo aifanyie nje na avae barakoa, afute mkanda taratibu kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi. Ukimwona anasugua hedi kwa pamba kutoka juu kwenda chini, chukua mkanda wako uondoke. Ngoma ya hedi husafishwa kwa karatasi safi yenye spiriti, karatasi imetulia, ngoma ndiyo inayozungushwa kwa mkono.

Sasa kamera. Haijaharibika, na wewe hujakosea kuchomeka. Miaka ile Umoja wa Ulaya ulihesabu kamera inayoweza kurekodi kutoka kwenye kifaa kingine kuwa ni mashine ya kurekodi video, na mashine hiyo ilikuwa na ushuru mkubwa kuliko kamera. Watengenezaji wakafanya hesabu zao, wakaziba njia ya kuingizia kwenye kamera nyingi za kuuzwa huko, na Uingereza wakati huo ilikuwa ndani ya Umoja. Kamera ileile iliyouzwa Ghuba ikawa inapokea, ya London haipokei. Tazama maandishi kwenye tundu dogo la DV, yaani la video ya dijitali. Yakisomeka «DV IN/OUT», kuna matumaini. Yakisomeka «DV OUT» peke yake, ndiyo hiyo uliyoletewa: inasema, haisikii.

Usimlaumu mdogo wako, kwani kwa vile vikanda vya kaka yako kakuletea kitu cha maana sana. Digital8 zilianza kuuzwa 1999, na nyingi, si zote, zinacheza pia Video8 na Hi8 za zamani. Tia kwanza kile kikanda usichokionea uchungu sana. Picha ikija kwenye kioo cha kamera, huhitaji deki wala njia ya kuingizia: kamera yenyewe itaigeuza kuwa dijitali na kuitoa kwenye tundu la DV. La USB liache, kwenye kamera hizo liliwekwa hasa kwa ajili ya picha za mnato. Unachohitaji ni waya wa FireWire, pini nne upande wa kamera. Sony waliuita i.LINK, ni kitu kilekile.

Kompyuta mpya nyingi hazina tundu hilo. Tafuta ya mezani ya zamani, fundi aipachike kadi ya FireWire, kisha utumie programu ya bure iitwayo WinDV. Saa moja ya mkanda inakula gigabaiti 13 hivi, kwa hiyo mkanda wa VHS wa E-180, yaani wa saa tatu, uliojaa utataka karibu 39. Na saa tatu za harusi ni saa tatu za kuhamisha, hakuna njia ya mkato. Kaa hapo na chai yako.

Kwa zile VHS tano nzima, azima kamera ya PAL, mfumo wa picha wa kanda za kwetu, yenye «DV IN/OUT». Waliorudi kutoka Muscat na Dubai wanazo, zimelala juu ya makabati. Itoe kikanda ndani, iweke upande wa kuchezea, si wa kupigia picha, kisha kwenye menyu washa «A/V→DV OUT». Deki inaingia kwa waya wa rangi tatu, FireWire inatoka kwenda kompyuta. Kabla ya kurekodi, peleka kila mkanda mpaka mwisho na uurudishe mwanzo, maana uliokaa miaka mingi bila kuguswa hugandana. Vile vidude vya USB vya bei chee vinavyouzwa Kariakoo vinafanya kazi, ila mkanda ukiwa na makunyanzi sauti huanza kuachana na picha, na bibi harusi anaitikia kabla shehe hajamuuliza. Mimi ningevikimbilia nikikosa kamera kabisa.

Nasema haya kama mtu aliyepiga harusi za Dar enzi hizo. Bara hatukuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994, lakini deki zilikuwepo, na nyumba nyingine TV ilinunuliwa ili watu watazame harusi yao. Nikikodolea macho kanda zile leo, naona akina mama waliokuwa nyuma ya mlango wanakuna nazi kuliko ninavyomwona bwana harusi. Kwa hiyo usikate mwanzo wala mwisho. Hamisha yote, hata chenga.

SWALI: Fundi, nimefaulu kuhamisha mkanda, lakini faili haiingii kwenye flashi ya gigabaiti 32 ingawa iko tupu. Imeoza?
Kijana wa Likoni

JIBU: Haijaoza. Imefomatiwa FAT32, ambayo haikubali faili moja kuzidi gigabaiti 4. Ifomati kwa exFAT. Kama TV ya nyumbani haisomi exFAT, pitisha faili kwenye HandBrake, programu ya bure ya kubadili video, iwe MP4, na uwashe kipengele cha «Deinterlace», la sivyo kila anayecheza ngoma atakuwa na mistari kama meno ya kitana. Ile faili kubwa usiifute, iweke kwenye diski mbili tofauti, na moja ikae kwa shangazi.