Polishi Kwanza, Nta Mwisho: Mpangilio wa Kulinda Rangi ya Gari

Bidhaa za kung'arisha gari ni nyingi, lakini kazi zake ni mbili tu: nyingine hupunguza, nyingine huongeza. Polishi ina chembechembe za kukwangua, nayo huondoa kiasi kidogo cha klia, yaani tabaka angavu lililo juu ya rangi, mpaka mikwaruzo midogo isawazike. Nta na silanti, yaani kinga ya rangi iliyotengenezwa kwa kemikali, hazikwangui. Hukaa juu na kupokea jua, maji na kinyesi cha ndege kabla ya klia. Klia ya kiwandani kwa kawaida ina unene wa mikromita 40 hadi 50 hivi, na kinachoondolewa na polishi hakirudi ila kwa kupiga rangi upya. Kwa hiyo mimi hupiga polishi pale tu ninapoona mikwaruzo, ilhali nta naipaka kila inapohitajika.

Baada ya kuosha na kukausha gari, tia mkono ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki, kisha upitishe taratibu juu ya boneti. Vidole vitahisi vijipele ambavyo macho hayavioni. Viondoe kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, ukiuteleza juu ya maji yenye shampuu bila kuugandamiza. Udongo huo ukianguka chini, utupe, kwa kuwa mchanga ulionaswa humo utachora rangi yote.

Anza na polishi laini kuliko zote ulizo nazo, ujaribu sehemu ndogo kivulini, bodi ikiwa imepoa. Kwenye kingo za milango na mikunjo ya bodi pita kwa wepesi, maana hapo klia huwa nyembamba zaidi. Usishangilie mng'ao unaouona muda huo. Polishi nyingi huacha mafuta yanayojaza mikwaruzo, hivyo huificha mpaka maji yatakapoyaondoa, na silanti haishiki vizuri juu ya mafuta hayo. Futa bodi kwa spiriti ya isopropili iliyochanganywa na maji, kisha uikague kwa tochi iliyoshikwa kwa kulaza. Mikwaruzo ikijitokeza tena, ilikuwa imefichwa tu.

Hapo ndipo silanti hupakwa, kwa tabaka jembamba, na kuachwa ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, ambao mara nyingi ni saa 12 hadi 24 bila kuguswa na maji. Tabaka la pili husaidia kufunika palipokosewa. La tatu, kwa maoni yangu, ni kupoteza dawa. Nta ya kanauba, inayotokana na majani ya mti wa jamii ya mnazi unaoota Brazili, huja mwisho, kwa sababu silanti ikipakwa juu ya nta haitapata pa kushika. Anayetaka kitu kimoja tu achague silanti, kwa kuwa hudumu kuliko nta. Bidhaa za "polishi na nta" katika chupa moja usizipake juu ya silanti, kwani polishi iliyomo itaiondoa.

Maji yakiacha kujikusanya matone juu ya boneti, osha gari vizuri kwanza, maana uchafu nao huyazuia. Yakiendelea kutandaa, ongeza nta. Polishi iache kabatini.