Mtunzi wa "Cha Kutumaini Sina": tuandike nani kwenye albamu?

SWALI: Mwalimu, Bwana Yesu asifiwe. Kwaya yetu hapa Mpwapwa inajiandaa kurekodi tenzi za kumtumaini Mungu, tukianza na "Cha Kutumaini Sina". Tumeipangia ngoma za muheme na zeze, na ubeti mmoja tumeuweka kwa Cigogo. Mwenzetu mmoja anasema mtunzi ni Edward Mote, mwingine anasema ni William Bradbury. Tuandike nani? Na ruhusa tuombe wapi? Katibu wa kwaya.

JIBU: Amina, ndugu katibu. Wote wawili wako sahihi, ila kila mmoja ametaja nusu. Mote, Mwingereza, aliandika maneno mwaka 1834. Bradbury, Mmarekani, alitunga tuni tunayoiimba mwaka 1863. Tenzi nyingi zimepatikana kwa njia hiyo, kwa hiyo msiandike "mtunzi" tu. Andikeni: "Maneno: Edward Mote. Muziki: William Bradbury."

Nalisisitiza hili kwa sababu Mote mwenyewe lilimgusa. Alikuwa fundi samani jijini London. Asubuhi moja akielekea kazini, akipanda barabara ya Holborn, kiitikio kilimjia, na kabla ya siku kwisha alikuwa na beti nne. Jumapili iliyofuata aliombwa aende kumwona mke wa muumini mwenzake, mama aliyekuwa mgonjwa sana. Mume alikuwa na desturi ya kuimba kabla ya kusoma Neno na kuomba, lakini siku hiyo kitabu cha nyimbo hakikuonekana. Mote akatoa karatasi mfukoni, wakaimba beti zake. Mgonjwa alizipenda mno, na Mote akaenda kuongeza mbili, kisha akachapisha nakala 1,000 za kugawa. Miaka michache baadaye wimbo huohuo ulikuwa ukichapishwa kwa jina la mtu mwingine. Ilimbidi aandike barua kwenye gazeti la kanisa aeleze ulivyopatikana, asije akadhaniwa ameuiba.

Mtu huyu hakuwa akitafuta sifa. Uzeeni, akiwa mchungaji wa Wabaptisti huko Horsham, waumini walitaka kumpa jengo la kanisa liwe mali yake. Alikataa: alitaka mimbari tu, na siku atakapoacha kumhubiri Kristo wamtoe. Ndiyo maana naona ni haki jina lake litajwe.

Mkirekodi pia "Yesu Kwetu ni Rafiki", angalieni vizuri. Maneno ni ya Joseph Scriven, mzaliwa wa Ayalandi aliyehamia Kanada, aliyeyaandika mwaka 1855 kumfariji mama yake aliyebaki nyumbani. Hakuweka jina, na kwa muda vitabu vilisema wimbo huo ni wa Horatius Bonar, mtunzi mwingine wa tenzi. Muziki ni wa Charles Converse, wa mwaka 1868.

Sasa ruhusa. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Bradbury alifariki 1868, Mote 1874, kwa hiyo maneno ya Kiingereza na tuni yake viko huru.

Kwaya nyingi hujikwaa kwenye tafsiri. Maneno ya Kiswahili ni kazi nyingine, yenye mwenyewe na muda wake wa ulinzi. Fungueni kurasa za mwanzo za kitabu mnachoimbia, mtafute jina la mchapishaji na mwaka, kisha mwandikieni. Kama mtafsiri hajatajwa, muulizeni huyohuyo mchapishaji. Fanyeni hivyo kabla ya kulipia studio, kwa sababu majibu huweza kuchelewa. Na kama mnatumia mpangilio wa sauti nne wa mwalimu aliye hai, hata kama mmeupata kwa fotokopi ya solfa iliyozunguka makanisani bila jina, mtafuteni mumwombe.

Muheme na zeze ni mpangilio wenu, nao una haki ya kutajwa: "Mpangilio:" ikifuatiwa na jina la mwalimu aliyeupanga. Ubeti wa Cigogo nao uwe na mstari wake, wenye jina la aliyeutafsiri na mwaka. Kama mliutafsiri pamoja mazoezini, andikeni jina la kwaya, lakini kubalianeni kwanza kwenye kikao na muhtasari uwekwe sahihi.